Peasi, Uyoga Mweupe na Kikohozi: Supu Tamu ya Wagonjwa wa Guangzhou

Mgonjwa wa kikohozi mjini Guangzhou, kusini mwa China, hupikiwa kwanza uji mwepesi wa mchele, jambo ambalo halitamshangaza msomaji wa Kiswahili hata kidogo. Kinachofuata baada ya uji ndicho kilichonifanya niandike makala haya: bakuli la supu ya moto yenye sukari, nzito kidogo, ndani yake vipande vya peasi vilivyolainika hadi vinakatika kwa kijiko, uyoga mweupe uliochambuka, kunazi nyekundu zilizovimba, na juu yake zinaelea goji chache, yaani matunda madogo mekundu yaliyokaushwa. Wakantoni, wenyeji wa Guangzhou na eneo lake, wana ukoo mkubwa wa supu tamu wanazozipika mwaka mzima, nyingine za maharage mekundu, nyingine za ufuta mweusi, nyingine za viazi vitamu, na huzinywa jioni kwa starehe tu, nyumbani au katika maduka madogo yanayouza supu hizo. Hii ya peasi nayo hunywewa kwa starehe, lakini ndiyo inayokumbukwa mara moja mtu anapoanza kukohoa.

Nilijifunza kuipika nilipokuwa mwanafunzi huko, kwa mama aliyetupangisha vyumba, mtu mzima ambaye wapangaji wote tulimwita Ayi, kama ambavyo kwetu kijana humwita mama wa umri huo shangazi au mama mdogo hata kama hakuna udugu wowote. Tangu wakati huo nimeipika mara nyingi, nimesoma kadiri nilivyoweza kuhusu vitu vinavyoingia ndani yake, na nimefikia msimamo mmoja ambao niko tayari kuutetea: supu hii haianzi jikoni. Inaanza kwa kumsikiliza mgonjwa, na anayeipika bila kufanya hivyo amepika kitindamlo kizuri, basi.

Ayi hakuwa mganga wala muuguzi, lakini mpangaji akisikika anakohoa usiku, asubuhi alikutana na maswali yake mlangoni. Kikohozi ni kikavu au kinatoa makohozi? Makohozi ni mazito ya njano, au ni mepesi na meupe? Koo linauma au linawasha? Unasikia joto au unatetemeka? Umepata choo? Kisha alitaka kuuona ulimi, tena karibu na dirisha, kwenye mwanga. Ulimi mwekundu uliokauka, sauti iliyokwaruza na kikohozi kikavu vilimpeleka moja kwa moja kwenye kapu la peasi. Ulimi wenye utando mweupe, kamasi zinazotiririka kama maji, na mgonjwa aliyejifunika blanketi huku bado anasikia baridi, hao aliwanyima peasi kabisa, akachukua tangawizi.

Nyuma ya maswali hayo kuna elimu ya zamani ambayo msomaji wa pwani ataitambua haraka. Wachina hugawanya vyakula kuwa vya joto na vya baridi, na maana yake si joto la sufuria bali kile ambacho chakula hufanya mwilini. Wazee wetu wa Lamu na Unguja nao, kupitia tiba iliyotoka kwa Wayunani ikapita kwa Waarabu, wamezungumza siku zote juu ya hari na baridi, yabisi na rutuba, na wanajua kwamba mtu mwenye balghamu hapewi chakula chochote tu. Njia hizi mbili za kufikiri hazikuzaliwa nyumba moja, na undani wake unatofautiana, lakini Mswahili aliyelelewa na bibi wa pwani haoni ugeni wowote akiulizwa kuhusu choo chake kabla ya kupewa bakuli.

Katika elimu hiyo ya Kichina, mapafu hupenda unyevu na huchukia ukavu. Guangzhou ni mji wa joto na unyevunyevu mkali wakati wa kiangazi, hadi kuta zinatoa jasho, lakini kuanzia Oktoba upepo wa kaskazini huleta hewa kavu, midomo hupasuka na makoo huanza kuwasha. Huo ndio msimu wa supu hii, na kwa bahati njema ndio msimu ambao peasi mpya zimejaa sokoni. Peasi huhesabiwa kuwa tunda la baridi linalolainisha. Li Shizhen, tabibu aliyekamilisha mwaka 1578 ile kamusi kubwa ya dawa za Kichina, Bencao Gangmu, iliyochapwa Nanjing mwaka 1596, aliandika kwamba peasi hulainisha mapafu na kupunguza makohozi, na hadi leo ukimuuliza muuza matunda wa huko sababu ya kununua peasi, atakujibu karibu maneno hayohayo bila kujua yametoka wapi.

Peasi zenyewe si zile laini zenye shingo ndefu tunazoziona kwenye maduka makubwa ya mijini. Peasi za Kichina ni za mviringo, ngumu, zenye maji mengi, na ukiuma zinalia mdomoni. Zinazosifiwa zaidi kwa supu ni zile ziitwazo xueli, ambazo Wilaya ya Zhao katika jimbo la Hebei ina jina kubwa kwazo. Ugumu huo una faida jikoni, kwa sababu tunda huvumilia moto bila kusambaratika. Ayi aliziosha kwa chumvi na kuzipika na maganda yake, akitoa kokwa na moyo wake tu, kwa kuwa wapishi wa Kikantoni wanaamini kwamba nguvu ya kutuliza kikohozi iko kwenye ganda. Sina uthibitisho wa imani hiyo, lakini ganda huipa supu harufu ambayo nyama ya tunda peke yake haiwezi kuitoa, kwa hiyo mimi pia sizimenyi.

Uyoga mweupe, ambao Wachina huuita yin'er, ndio unaoipa supu uzito wake, na ndio unaostahili maelezo marefu. Huuzwa mkavu, ukiwa umejikunja kuwa kitonge cha rangi ya malai, mwepesi mkononi na unaovunjika kwa urahisi. Porini humea kwenye magogo ya miti iliyokufa, lakini hauwezi kujilisha kwa gogo peke yake, bali hutegemea kuvu nyingine inayoumeng'enya ubao kwa niaba yake. Ndiyo maana kwa muda mrefu kuulima kulikuwa kama kubahatisha, na uyoga huu ukabaki chakula cha watu wenye fedha. Katika karne ya 20 wataalamu walielewa uhusiano huo wakaanza kuziotesha kuvu hizo mbili pamoja, na leo Wilaya ya Gutian katika jimbo la Fujian huuzalisha kwa wingi, kiasi kwamba mama wa kawaida anaununua bila kufikiria mara mbili. Mtu akinunua, achague wenye rangi ya malai au ya njano hafifu. Ule mweupe pepe mara nyingi umefukizwa salfa ili upendeze macho, na ukiufungua mfuko na kunusa, harufu kali inayochoma pua itakuambia ukweli.

Hapa nasisitiza jambo ambalo maelekezo mengi ya mapishi huliruka. Uyoga huu uloweke kwenye maji baridi kwa saa moja, au mbili ukiwa mkaidi, kisha uupike siku hiyohiyo. Usiulaze majini usiku kucha mezani, hasa katika miji yetu ya joto. Uyoga uliolowekwa muda mrefu unaweza kuotwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, ambaye hutengeneza sumu iitwayo asidi ya bongkrekiki, na sumu hiyo haina ladha, haina harufu, wala haiondoki kwa kuchemsha. China ina kumbukumbu za vifo vilivyotokana na uyoga mweupe ulioharibika namna hiyo, na mwezi wa Oktoba 2020 watu tisa wa ukoo mmoja katika jimbo la Heilongjiang walikufa kwa sumu hiyohiyo baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa. Kwetu jambo hili haliko mbali: mwaka 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani, na uchunguzi wa maabara uliofanywa baadaye uliikuta sumu hii ndani ya pombe ile. Uyoga uliolowekwa ukaota utelezi kabla ya kupikwa, au ukabadilika rangi, utupwe bila huruma.

Ukishalowa, uyoga hufunguka na kuongezeka mara kadhaa, na chini yake huonekana kitako kigumu cha njano. Ayi alikikata kwa mkasi na kukitupa, kisha akauchambua uyoga kwa vidole, akinionyesha kwamba vipande vinapaswa kuwa vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mpishi mwenye haraka huacha vipande vikubwa kwa sababu vinapendeza bakulini, naye hupata supu nyepesi yenye uyoga unaotafunika kwa sauti, ambayo inafaa karamuni lakini haimfai mtu ambaye kumeza kwenyewe kunamuuma. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo, ndivyo ute wake unavyotoka kwa wingi na kwa haraka.

Kwa watu wanne natumia gramu 15 za uyoga mkavu, peasi mbili kubwa, kunazi sita, gramu 50 za sukari ya mawe, goji kijiko kimoja cha chakula, na maji lita moja na nusu au zaidi kidogo. Uyoga huingia kwanza, peke yake, kwenye maji ya baridi, sufuria ikichemka moto unapunguzwa hadi maji yatikisike kidogo tu, na mfuniko unaachwa wazi kidogo kwa sababu supu hii hupenda kufurika. Kwa muda mrefu huoni lolote. Maji ni maji, uyoga ni uyoga, na mapovu ni madogo yanayopasuka mara moja. Baada ya saa moja hivi mapovu hubadilika, yanakuwa makubwa na mazito, yanapanda taratibu na kukaa juu kabla ya kupasuka, na ukiinua kijiko, tone la mwisho halidondoki bali linavutika kama mlenda. Hapo ndipo peasi zilizokatwa vipande na kunazi zilizotolewa kokwa huingia, na sufuria hurudi kwenye moto mdogo kwa nusu saa.

Sukari hutiwa baada ya peasi kulainika, kwa sababu wapishi wa huko wanasema kwamba ikitangulia inauzuia uyoga usitoe ute. Sukari ya mawe ni sukari ileile ya kawaida iliyoachwa igande polepole kuwa vipande vikubwa vinavyong'aa, na Wakantoni huipenda kwa kuwa utamu wake ni mtulivu, hauachi ukakasi kooni. Goji, ambazo bora zaidi hutoka Ningxia kaskazini-magharibi mwa China, hutiwa dakika tano za mwisho tu, maana zikichemka sana huchachuka na kuitia supu rangi mbaya. Wengine huongeza mbegu za yungiyungi, na hao wakumbuke kutoa kile kichipukizi cha kijani kilichomo ndani ya mbegu, kwa kuwa ni kichungu mno. Wengine hutia kipande cha ganda la chenza lililokaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka mitatu au zaidi, ambalo huko Xinhui, kusini-magharibi mwa Guangzhou, ni biashara kubwa na fahari ya wenyeji.

Kunazi hizo nyekundu nimeziita kunazi kwa makusudi. Wengi wanaozileta huku huziita tende za Kichina, lakini hazina uhusiano na mtende. Mti wake ni wa jamii moja na mkunazi wetu, ule ambao watoto wa pwani huupiga mawe na majani yake hutumika kuoshea maiti.

Kuna namna nyingine, ya gharama zaidi, ambayo familia huitumia kikohozi kikikaza. Peasi moja hukatwa kichwa kama mfuniko, ikachimbwa moyo, ikajazwa vipande vya sukari ya mawe na unga kidogo wa chuanbei, kisha ikarudishiwa kichwa chake, ikawekwa ndani ya bakuli lenye mfuniko na bakuli likaketishwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa saa moja. Mgonjwa hula peasi nzima na kunywa maji yake. Chuanbei ni vitunguu vidogo vyeupe vya mmea unaochimbwa kwenye milima ya Sichuan na uwanda wa Tibet, unaokua polepole na kuuzwa kwa bei ya juu, jambo ambalo limevutia waghushi wengi. Soko la Qingping mjini Guangzhou, ambako dawa za asili huuzwa kwa magunia, lina chuanbei za kila daraja, na Ayi hakununua hata siku moja bila kuambatana na jirani aliyezifahamu. Kwa msomaji aliye mbali nasema wazi: chuanbei ni dawa yenye kemikali zinazogusa mwili kwelikweli, si kiungo cha jikoni, na mjamzito au mtu anayemeza dawa nyingine asiiguse bila kumwuliza daktari. Supu ya peasi isiyo na chuanbei imekamilika.

Je, inaponyesha? Mafua ya kawaida huletwa na virusi na huisha yenyewe, na hakuna peasi inayoua virusi. Lakini kutuliza ni kazi halali, na hapa kuna mambo ambayo hata asiyeamini habari za joto na baridi anaweza kuyakubali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, nchini Wales, walichapisha mwaka 2008 utafiti waliowafanyia watu 30 wenye mafua, wakiwapa kinywaji kitamu cha matunda kikiwa cha moto au kikiwa cha joto la kawaida la chumba. Kipimo cha hewa inayopita puani hakikubadilika, lakini waliokunywa cha moto waliripoti nafuu ya haraka na ya kudumu katika kikohozi, maumivu ya koo, kuhisi baridi na uchovu. Kitu kitamu huamsha mate, mate na ute hulifunika koo lililokwaruzika, na mgonjwa ambaye asingemaliza nusu glasi ya maji humaliza bakuli zima la supu bila kulazimishwa. Hata katazo la kutompa peasi mwenye kuhara, ambalo Ayi alilieleza kwa lugha ya baridi ya tumbo, lina sababu inayoeleweka: peasi ina sorbitoli, aina ya sukari inayovuta maji kwenye utumbo.

Mwenye kisukari aipime sukari kwa uangalifu au aiache kabisa, kwa kuwa peasi na kunazi tayari zina utamu wake. Wapo wanaobadilisha sukari kwa asali, nayo inafaa ikitiwa supu ikishapoa kidogo, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kwa namna yoyote. Mgonjwa anayehema kwa shida, anayekohoa damu, au ambaye kikohozi chake kimefika wiki mbili, huyo apelekwe kituo cha afya akapimwe kifua kikuu na mengineyo.

Tangu nirudi nimeipika hapa Tanzania kwa peasi za Lushoto. Ni ndogo, ngumu na zenye ukakasi kidogo, na watu wengi huzidharau kwa kuliwa mbichi, lakini kwenye sufuria hii zinafanya kazi vizuri ajabu: nusu saa inakuwa dakika arobaini na tano, ukakasi unaondoka, na vipande vinabaki vizima. Uyoga mkavu na goji hupatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kichina katika miji mikubwa, nao hukaa miezi mingi kabatini ukifungwa vizuri mbali na unyevu. Supu iliyobaki iwekwe kwenye friji mara tu ikipoa, iliwe kesho yake, na ipashwe moto hadi ichemke, kwani mgonjwa wa kikohozi hapewi supu baridi hata kama jua linawaka.

Na yule mwenye kamasi za maji, anayetetemeka chini ya blanketi, ana sufuria yake, ambayo kwetu haihitaji duka la Kichina. Viazi vitamu vya njano hukatwa vipande vikubwa na kulowekwa kwa dakika chache ili wanga wa juu utoke, tangawizi iliyokomaa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba au zaidi, hupondwa na ganda lake, vyote huchemshwa pamoja hadi viazi viive bila kuvunjika, na mwishoni hutiwa sukari ya kahawia ya vibamba, ambayo sukari guru yetu huchukua nafasi yake bila tatizo. Ayi aliipenda ikiwa na tangawizi ya kuchoma koo hasa. Alimtaka mgonjwa ainywe yote ikiwa ya moto, kisha alale amejifunika mpaka jasho litoke, na kuhusu peasi alisema zisubiri hadi baridi iishe mwilini.